Punk kwa Kiswahili: malaya, mhuni, kenge au panki?

Kama kazi yako ni kuandika maandishi ya chini ya filamu, kutafsiri riwaya au kuhariri kurasa za muziki, neno punk litakukuta mapema, na litarudi. Kulielewa si kazi. Kinachosumbua ni kwamba kwa miaka zaidi ya 400 limehama kutoka danguroni hadi gerezani, likapita kwa vijana wa mtaani, likapanda jukwaani na gitaa, na kila lilipopita limeacha maana ambayo bado inatumika au bado inasomwa. Mfasiri anayeshika neno moja la Kiswahili na kuling'ang'ania kote ataishia kumfanya askari wa San Francisco amtukane jambazi kwa jina la mtindo wa nywele, au atamwita mpiga gitaa malaya.

Maneno yetu yanayogombea nafasi hiyo ni mengi: mhuni, malaya, kahaba, kenge, fala, chokoraa, panki. Hakuna linaloshinda kote. Kabla sijachagua huwa najiuliza nani anasema, anamwambia nani, na ni mwaka gani. Mwaka ndio unaosahaulika sana, kwa hiyo nianze na huko nyuma.

Kahaba au malaya

Punk ya kwanza inayojulikana katika Kiingereza, mwishoni mwa karne ya 16, ni mwanamke anayeuza mwili. Lilitoka wapi, wataalamu wa asili ya maneno hawajaafikiana mpaka leo. Linatokea tu kwenye maandishi likiwa tayari ni neno la mtaani, la kilabuni na jukwaani.

Shakespeare analitumia zaidi ya mara moja. Katika Measure for Measure, tamthilia ya mwaka 1604 hivi ambayo mambo yake yanatokea Vienna, Mariana anasimama mbele ya Mtawala anayemuuliza: umeolewa? Hapana. Mwanamwali? Hapana. Basi ni mjane? Hapana pia. Mtawala anasema kama ni hivyo wewe si kitu. Lucio, mropokaji asiyejua kufunga mdomo, anadakia kwamba labda huyu ni punk, kwa kuwa wengi wao si wanawali, si wajane, wala si wake za watu.

Uweke kahaba au malaya? Kahaba ni neno la mimbarini. Anayejua Biblia ya Kiswahili amekutana nalo kwa Rahabu wa Yeriko, na tangu hapo linanukia hukumu na uzito. Malaya ni neno la ugomvi wa uani. Mtawala angesema kahaba, Lucio hawezi. Mzaha wake unachekesha kwa sababu anautupa uchafu wa mtaani katikati ya baraza la wakubwa, na ukimpa neno la mimbarini umemvalisha kanzu. Mpe malaya. Wapo watakaopendekeza changudoa, ambalo lina uhai mwingi, lakini hilo limezaliwa Dar es Salaam na lina muhuri wa Dar. Ukiliandika tu, msomaji ameshaondoka Vienna na amesimama pembeni ya barabara Kinondoni saa sita usiku.

Ipo pia punk ya The Merry Wives of Windsor, tamthilia ambayo waigizaji kutoka Kenya waliicheza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, mwaka 2012. Humo Pistol analitupia neno hilo Mistress Quickly, mama anayebeba ujumbe wa mapenzi kati ya Falstaff na wake za watu. Huyu hauzi mwili wake. Anauza miguu na ulimi. Kiswahili hapa kimejaliwa kuliko Kiingereza chenyewe, kwa sababu tuna neno kuwadi, na ndilo ningeliweka hata kama kamusi ya kale inasema malaya.

Mti uliooza

Huku nisichukue muda. Katika Kiingereza cha Marekani punk ni pia mti uliooza na kukauka, unaoshika cheche upesi, na matumizi hayo yanarudi hadi enzi za makoloni ya Waingereza kule Virginia. Wapo wanaolihusisha na lugha za wenyeji wa Marekani wa jamii ya Waalgonkini, wengine wanaona ni mageuzi ya neno jingine la Kiingereza lenye maana hiyohiyo. Ukilikuta kwenye hadithi ya wawindaji, andika "mti uliooza" na uendelee. Ukilikuta kwenye hadithi ya sherehe za tarehe 4 Julai, watoto wakiwa na fataki, ni kijiti kinachofuka polepole kama udi, cha kuwashia utambi. "Kijiti cha kuwashia" kinatosha.

Maana ya kitu kibovu, kisicho na thamani, inakaa karibu na huo mti, na huenda ndiyo iliyowasaidia watu wazima wa Marekani kulibandika neno hili kwa vijana waliowaona hawafai.

Gerezani

Kabla ya kufika kwa vijana hao lazima tupite mahali ambapo wafasiri wengi hupakwepa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwa watu waliozunguka Marekani kwa kudandia treni za mizigo, punk alikuwa mvulana anayeandamana na mwanamume mzima, akimtumikia na kuingiliwa naye. Magerezani maana ikawa hiyohiyo: mfungwa kijana aliyefanywa mke na mfungwa mwenye nguvu.

Nimeona tafsiri mbili za jambo hili, na zote zinakosea. Moja inaweka shoga au msenge. Hayo ni maneno ya kumtukana mtu kwa anayempenda, ilhali punk ya gerezani haimuulizi mtu anampenda nani. Inaeleza nani kamshinda nani. Mengi yanayomfika hayakuwa hiari yake. Ya pili inaweka mwoga, ili mhariri asikasirike, na hapo msomaji habaki na sababu ya kuelewa kwa nini katika ukurasa unaofuata mtu anachomwa kisu kwa ajili ya neno lenyewe. Kiswahili cha wazi kinatosha: "amefanywa mke". Anayesoma ataelewa, na hakuna aliyesingiziwa.

Kumbuka maana hii hata unapokuwa nje ya gereza. Kwa Wamarekani wengi, hasa Wamarekani Weusi wa umri mkubwa, kumwita mwanamume punk bado ni kumvua uanaume wake hadharani. Kijana wa London aliyejiita hivyo mwaka 1977 hakuwa na mzigo huo mgongoni. Mmarekani mwenzake alikuwa nao.

Mhuni au kenge

Sasa tumefika kwenye punk inayotokea mara nyingi kuliko zote: tusi la mtu mzima kwa kijana, la polisi kwa mhalifu mdogo, la mwalimu kwa mwanafunzi wa dawati la nyuma. Chaguo la kwanza la karibu kila mfasiri ni mhuni, na lina haki ya kuwa la kwanza, kwa sababu maisha ya maneno haya mawili yamefanana ajabu.

Mhuni wa kamusi za zamani ni mtu asiye na makao, mzururaji. Katika Dar es Salaam ya kikoloni neno hilo lilikuwa la serikali kabisa: wahuni walikuwa vijana waliokuja mjini wakakosa kazi, wakakamatwa kwenye misako na kurudishwa kwao bara. Rap ilipoingia mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi waliiita muziki wa kihuni, na vijana wenyewe wakaliokota neno na kulivaa. Leo kijana wa Kitanzania anawasalimia rafiki zake "wahuni wangu" bila kumkosea mtu, ingawa dakika tano baadaye, akiibiwa simu, atakwambia wahuni si watu. Tusi na sifa vinakaa chumba kimoja. Punk nayo ni hivyohivyo, na sijui neno jingine la Kiswahili lenye uwezo huo.

Ila mhuni ana kasoro mbili. Ya kwanza ni mpaka wa Namanga. Kwa Mkenya, mhuni ni mzito zaidi: ni mtu wa rungu, anayekodishwa kuvuruga mkutano au anayekungoja kwenye kichochoro. Mwenzangu wa Mombasa niliyemwonyesha kazi yangu moja aliniambia, "Ndugu yangu, huyu kijana umempa kesi ambayo hana." Kwa hadhira ya Kenya, mvulana mtundu wa shule asiitwe mhuni; mtukutu inamtosha. Na chokoraa isitumike kabisa isipokuwa kwa mtoto anayelala mtaani kweli, maana hiyo ni hali ya maisha kabla haijawa tusi.

Kasoro ya pili ni kwamba mhuni ni neno la kumweleza mtu zaidi kuliko la kumtupia usoni. Tazama mfano ambao kila mfasiri wa filamu atapambana nao siku moja: Dirty Harry, filamu ya mwaka 1971. Inspekta wa San Francisco, anayeigizwa na Clint Eastwood, amevuruga ujambazi wa benki huku bado anatafuna chakula chake cha mchana. Jambazi mmoja yuko chini amejeruhiwa, bunduki yake iko karibu na mkono. Askari amemwelekezea bastola kubwa ya .44 Magnum na anamwambia kwa utulivu kwamba katika vurugu zile hata yeye amepoteza hesabu, hajui amefyatua risasi sita au tano. Kwa hiyo jambazi ajiulize kama leo ana bahati. Kisha linakuja swali la mwisho, na neno la mwisho la swali ni punk.

Jaribu kwa sauti:

"Haya, unayo, mhuni?"

"Haya, unayo, fala wewe?"

"Haya, unayo, kenge wewe?"

La kwanza linasikika kama afisa ustawi wa jamii. La pili linaingia vizuri masikioni mwa Nairobi, na kwa hadhira ya huko ningelikubali, ingawa fala ni mjinga, na yule aliye chini si mjinga. Anapiga hesabu kali kuliko wakati wowote maishani mwake. La tatu ndilo ninalolichagua kwa hadhira ya Tanzania. Kenge anafanana na mamba lakini si mamba, na kila mmoja anajua kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Jambazi mdogo aliyejiona mkubwa mpaka alipotazama mdomo wa bastola ni kenge kabisa.

Sababu nyingine ni ya kifundi. Maneno yaleyale yanarudiwa mwisho wa filamu, safari hii mbele ya muuaji anayejiita Scorpio, ambaye ameua watu wasio na hatia kwa starehe. Tafsiri lazima iwe moja kwa matukio yote mawili, la sivyo mtazamaji hatajua kwamba anasikia mwangwi. Kumwita Scorpio mhuni ni kumpunguzia makosa. Kenge anawabeba wote wawili.

Na mwandishi anayemtaja punk kwa utulivu, kwa mbali, kwenye ripoti ya gazeti au kwenye masimulizi ya riwaya? Hapo rudi kwa mhuni. Kwa jumla, punk anayezungumzwa akiwa hayupo ni mhuni, na punk anayeambiwa usoni ni kenge, fala, ghasia, au chochote ambacho mtaa wa wasomaji wako unakitupa mtu anapotaka kupigana.

Panki, na tatizo la samaki

Kwenye muziki, mwaka ndio unaoamua. Waandishi wa Marekani walianza kuunganisha punk na roki kabla ya kundi lolote kujiita hivyo. Mwezi Mei 1971 Dave Marsh alilitumia katika jarida la Creem akilizungumzia kundi la ? and the Mysterians, na mwaka 1972 Lenny Kaye akalitumia kwenye maelezo ya mkusanyiko wa Nuggets, uliojaa nyimbo za vijana wa miaka ya 1960 waliofanyia mazoezi kwenye gereji za wazazi. Wakati huo punk haikuwa jina. Ilikuwa sifa: muziki wa vijana wakorofi, usio na adabu wala ufundi mwingi. Kwa maandishi ya miaka hiyo ningeandika "roki ya kihuni", na ningeiandika kwa furaha, maana inabeba dharau na mapenzi kwa pamoja kama walivyokusudia.

Januari 1976 mambo yanabadilika. John Holmstrom, Legs McNeil na mwenzao mmoja wanatoa New York toleo la kwanza la jarida lenye jina Punk, mchoro wa mwanamuziki Lou Reed ukiwa kwenye jalada. Aprili mwaka huohuo Ramones, waliokuwa wakipiga katika klabu ya CBGB mtaa wa Bowery, wanatoa albamu yao ya kwanza. Septemba, klabu ya 100 Club ya London inafanya tamasha la siku mbili la makundi ya aina hiyo. Tarehe 1 Desemba Sex Pistols wanatukana moja kwa moja kwenye televisheni ya Uingereza, katika kipindi cha Bill Grundy, na kesho yake magazeti yamejaa wao. Kuanzia hapo punk ni jina la kitu, kama taarabu au rumba, na jina la kitu halitafsiriwi kwa tusi. Roki ya kihuni inastaafu. Panki inaingia.

Tahajia panki inafuata ulimi wetu, nami naipendelea kuliko kuacha punk katikati ya sentensi ya Kiswahili, ambayo msomaji asiyejua Kiingereza ataitamka kwa u. Lakini panki ana wenyeji wawili waliomtangulia. Mmoja yuko kwa kinyozi: panki ni nywele zilizoachwa juu na kupunguzwa pembeni, na wanaume wengi waliokua miaka ya 1980 na 1990 watakuonyesha picha zao. Hapa kuna mtego. Msomaji akisoma "mtindo wa panki" mwaka 1976, ataona kichwani mwake hiyo, au ataona kiduku, ukanda mmoja wa nywele uliosimama katikati. Ramones hawakunyoa hivyo. Walikuwa na nywele ndefu zilizofunika macho na jaketi za ngozi. Kiduku kirefu cha rangi kilienea zaidi Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia 1980. Eleza nywele zenyewe, usitegemee jina.

Mwenyeji wa pili yuko Mwanza. Huko mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki, kichwa na mkia vikiwemo, viwanda vikishatoa minofu ya kusafirisha nje. Watu huikausha au huikaanga na kuiuza. Mjadala wa mwaka 2006 kuhusu Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper iliyopigwa kwenye mwalo na viwanda vya huko, ambayo Rais Kikwete aliikemea hadharani, ulilifanya neno hilo lijulikane mbali na Ziwa Victoria. Sasa fikiria kichwa cha habari: "Mapanki wavamia London." Kwa kufuata mfano wa marasta, wingi wa kawaida ungekuwa huohuo, mapanki, na ndipo msomaji wa Kirumba atakapocheka. Mimi naandika panki kwa muziki na wapanki kwa watu. Ngeli ya watu inawaondoa samaki sentensini, na "wapanki wa London" haileti harufu.

Majina ya watu, makundi na nyimbo yaachwe yalivyo. CM Punk wa mieleka anabaki CM Punk. Daft Punk, wanamuziki wawili wa Ufaransa, walipata jina kutoka kwa mkosoaji wa jarida la Kiingereza aliyeudharau muziki wa kundi lao la mwanzo, na ukilitafsiri umekata huo mkia wa hadithi. Punky Reggae Party ya Bob Marley, ya mwaka 1977, nayo usiiguse. Wengi wetu tulikutana na neno hili kwake kabla hatujajua kuna CBGB. Haikuwa ajabu Marley kuimba hivyo. Katika klabu ya Roxy, London, aliyechagua sahani za kupiga alikuwa Don Letts, kijana wa wazazi wa Jamaika, na kwa kuwa rekodi za panki zilikuwa bado chache alijaza usiku kwa rege.

Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaokataa panki kwa hoja kwamba ni muziki wa wazungu usiohitaji neno la Kiswahili. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, baba yake alikuwa Msomali. National Wake walipiga panki Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1970 wakiwa kundi la Weusi na weupe, chini ya sheria za ubaguzi. Nairobi kuna Crystal Axis, wanaojiita Afro-punk. Hao waandike kwa jina walilojipa, na tahajia yao.

Vitenzi na mikia

Punk ikiwa kitenzi, yaani kumfanyia mtu mzaha wa kamera ya siri, maana iliyoenezwa na kipindi cha MTV cha Ashton Kutcher kuanzia mwaka 2003, tuna cha kuchagua: kuingizwa mkenge kwa Tanzania, kuchezewa shere kwa msomaji wa pwani na wa umri. Punk out, yaani kushindwa dakika ya mwisho kwa woga, ni kufyata mkia. Kama mtu ametoweka kabisa, ameingia mitini.

Zinabaki zile zinazoishia na -punk kwenye hadithi za kubuni. Cyberpunk ni jina la hadithi fupi ya Bruce Bethke iliyochapishwa mwaka 1983, na punk yake ni vijana wakorofi wanaoijua kompyuta kuliko wazazi wao. Kuna uhuni ndani yake, kwa hiyo saibapanki inafaa, na mhakiki anaweza hata kuzungumzia "wahuni wa kompyuta" akieleza wahusika. Steampunk ni kesi nyingine. K. W. Jeter alilitunga mwaka 1987 kwenye barua kwa jarida la Locus, nusu kwa utani, akitafuta jina la hadithi zake na za wenzake za zama za Malkia Victoria. Hakuna gitaa humo, na wahuni ni wachache. Andika stimupanki mara moja, ueleze kwamba ni hadithi za mashine za mvuke zilizokwenda mbali kuliko zilivyokwenda kweli, na baada ya hapo "hadithi za mvuke" zitakusaidia kurasa zote zilizobaki.